Stelingi Niliyempa Jina la Kaka Yangu

Kuna watu wakikumbuka aibu zao wanacheka, lakini mimi nikiikumbuka hii ya Columbus nafunika uso kwa mto, hata nikiwa peke yangu chumbani na hakuna anayenitazama isipokuwa koti langu lililoning'inia mlangoni. Nimeamua kuisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wanaisimulia vibaya (kuna mmoja kanisani anasema nililia, sikulia, nilitokwa na jasho karibu na macho), na pia kwa sababu nimegundua kwamba mtu akitangulia kujicheka, wenzake wanabaki na kidogo tu cha kucheka.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa haya, na siyo haya za kawaida. Dukani nikikosa kitu siulizi kimewekwa wapi, naondoka na kitu kingine. Niliwahi kula tambi wiki nzima kwa sababu walihamisha mchele na mimi sikuweza kumsogelea yule dada wa duka kumuuliza umehamia wapi. Shule nilisoma ya msingi tu, kule kambini Kigoma, ambako wazazi wetu walikimbilia kutoka Burundi na ambako mimi na kaka yangu Yohana tulikulia. Sasa tunaishi Buffalo, upande wa Riverside, mimi, Yohana na mama, na kila asubuhi naenda Lackawanna kupanga makasha kwenye ghala, kazi ninayoipenda kwa sababu makasha hayaulizi kitu.

Yohana yeye anafanya kazi hospitali. Ngojeni kwanza, msikimbilie mbele kama walivyokimbilia wenzenu. Anafua. Hospitali ina mashuka, mashuka yanachafuka (sitawaeleza yanachafuka na nini, huenda mnakula), yanateremshwa chini kwenye mashine kubwa kama vyumba, na Yohana ndiye anayeyaingiza, anayatoa na kuyakunja. Ni kazi halali na anaifanya vizuri. Lakini haya maneno "anafanya kazi hospitali" yana ugonjwa wake, kwamba ukiyasema halafu ukanyamaza, anayekusikiliza anayamalizia mwenyewe, na sijawahi kuona mtu aliyeyamalizia kwa mashuka.

Basi Yohana akampenda binti mmoja wa Columbus anaitwa Furaha, walijuana kwenye mkutano wa kwaya, wakaongea kwa simu karibu miaka miwili mpaka mama akaanza kumsalimia binti wa watu kwa jina la mkwe. Furaha alijua habari za mashuka tangu siku ya kwanza. Wazazi wake ndio hawakujua. Ni Wakongo wa Uvira, na baba yake alikuwa mwalimu wa Kifaransa huko kwao, na ingawa huku anakata kuku kiwandani kama watu wengine, kila mtu anamwita Mwalimu na yeye anaitika kama vile kengele ya shule imepigwa jana.

Kwa kuwa baba yetu alifariki kambini, mshenga akawa baba mkubwa Zakaria, anayeishi Louisville. Baba mkubwa ni mtu mwema sana ila mdomo wake hauna breki. Yeye mwenyewe ukimuuliza anafanya kazi gani anakuambia, "Mimi niko kwenye farasi wa mashindano," utadhani anawapanda, kumbe anazoa mavi yao. Huyo ndiye aliyetutangulia kwa simu kwa wakwe. Akawaambia, "Hawa ni watoto wasomi. Mkubwa yuko hospitali, na mdogo yuko kwenye lugha."

Mimi kwenye lugha! Mimi niliye kwenye makasha! Kisa chenyewe ni kwamba ghalani nafanya kazi na Wakongo, na baba mkubwa alipotutembelea alinisikia namwambia mmoja wao bonjour, ça va.

Yohana alitaka kurekebisha, nakumbuka alimpigia, na baba mkubwa akamjibu kwa sauti iliyojaa jikoni kwetu pote, "Wewe umesema uongo? Hukusema. Mimi nimesema uongo? Sikusema. Waache watu wafikiri, kufikiri ni haki yao."

Tukaenda. Ilikuwa Jumamosi, tulitoka Buffalo alfajiri, baba mkubwa akatokea Louisville, tukakutana saa sita mchana mbele ya nyumba ya Mwalimu pale Clintonville, mama amevaa kitenge ambacho alikuwa hajakitoa kwenye mfuko tangu anunue, Yohana na suti, na mimi na tai ya Yohana ya zamani ambayo ilikuwa inaninyonga taratibu. Mwalimu alisimama mlangoni akitupokea mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika mkono na hakuuachia, akanisemesha Kifaransa, sentensi ndefu hivi, ikapanda mwishoni kama swali.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Ndugu zangu, dhambi yote ni hiyo, hakuna nyingine. Mtu asiye na haya angesema, "Samahani baba, sijui Kifaransa." Lakini hayo ni maneno manne, na baada ya hayo inabidi ueleze na mengine, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja kuingia, na kichwa changu kilikuwa tayari kinateremka. Mwalimu akafurahi, akanipiga bega. "Bon!" akasema. "Huyu njo mutoto." (Kwa Kiswahili cha kwao "njo" ni "ndiye".)

Tulikula vizuri (fufu, sombe ambayo sisi tunaiita kisamvu, samaki wa kukaanga, pilau la kutuheshimu sisi wa kutoka upande wa Tanzania), na shida ilianza kunukia hapo hapo mezani. Mama yake Mwalimu, bibi mzee ambaye watu wote humo ndani wanamwita Bibi tu, aliposikia "mutoto wa hospitali amefika" akavuta kiti mpaka mbele ya Yohana, akapandisha kitenge kidogo na kumwonyesha goti. Lilikuwa limevimba. Yohana alilitazama lile goti kama mtu anayetazama barua ya mahakama. Akasema, "Lipumzishe, bibi. Na unywe maji mengi." Mwalimu naye akaleta vidonge vya Bibi, Yohana akaligeuza kopo huku na huku, akasema, "Ni vizuri hivi." Wote wakaitikia, "Eee, ni vizuri." Mimi nilikuwa natafuna samaki na mwiba pamoja.

Baada ya chakula wazee wakateremka kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba ambacho huku nyumba nyingi zinacho, kuzungumza mambo ya posa. Mwoaji kwa desturi haingii kwenye mazungumzo, kwa hiyo Yohana alibaki sebuleni amekaa wima kwenye kochi, pamoja na mimi, mama, Bibi, watoto wengi, na akina mama kama wanane wa upande wa Furaha. Furaha mwenyewe alikuwa jikoni, haruhusiwi kuonekana onekana. Kabla ya kuteremka, Mwalimu alisimama mbele ya televisheni na diski mkononi.

"Nitawawekea filamu ya Kifaransa," akasema. "Siyo ile ya kupigana-pigana. Ni ya watu ya akili. Donc, basi, mama yangu hasikie Kifaransa. Elia atamutafsiria." Akanionyesha mimi kwa ile diski. "Elia iko kwenye lugha."

Nikamtazama Yohana. Yohana akatazama zulia.

Diski yenyewe haikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, la sivyo watoto wangeyasoma na kunichinja dakika ya kwanza. Na filamu yenyewe, jamani, sijui niieleze vipi. Mwanamume mmoja mwembamba anafanya kazi ya kufua kwenye hoteli. Anakunja shuka. Anakunja lingine. Anatazama dirisha. Wenzake wanamsemesha, na wao wanaongea kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto. Hakuna gari linalolipuka, hakuna anayekimbia, hata mbwa hakuna.

Mtu mmoja akamwambia yule mwembamba bonjour. Nikaruka pale pale, "Anasema habari za asubuhi!"

"Aksanti, mwana," Bibi akasema. Nikajiona nimeokoka.

Kisha mwembamba akajibu, na jibu lake lilikuwa refu kama treni. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Anasema... amechoka."

"Maneno yote yale ni amechoka?" Bibi akauliza. "Kwani alichoka tangu lini?"

Akina mama wakacheka. Mmoja wao, anaitwa Mama Esperance, mdogo wake mama Furaha, alicheka zaidi ya wengine na akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule. Jasho likaanza kunishuka mgongoni. Na hapo ndipo nikamkumbuka Dijei.

Waliokulia kambini wanajua. Kulikuwa na kibanda cha video, kimeezekwa turubai, na ndani yake alikaa jamaa mmoja na kipaza sauti, kazi yake kutafsiri filamu wakati inaonyeshwa. Wachina, Wahindi, Wamarekani, wote aliwatafsiri, na hakujua lugha ya hata mmoja. Alitazama picha na kutunga. Mhusika mkuu sisi tunamwita stelingi, na Dijei alikuwa anampa stelingi jina la mtu aliyemo humo humo kibandani, aliyewahi kuingia na kukaa mbele, na adui anampa jina la mtu aliyechungulia kwenye matundu ya turubai bila kulipa. Watu walipenda! Ukiitwa stelingi unatembea wiki nzima umetanua kifua. Mimi sikuwahi kuitwa, kwa sababu nilikuwa nakaa nyuma.

Nikakohoa. Nikasikia sauti inatoka kinywani mwangu ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe. "Naaam! Huyu mnayemwona hapa ndiye stelingi wetu, kijana mpole, mcha Mungu, asiye na makuu, na jina lake anaitwa Yohanaaa!"

Akina mama wakapiga vigelegele, wote wakimtazama bwana harusi mtarajiwa. Yohana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Buffalo. Mama akanipepea na leso. Basi ningeishia wapi tena, ndugu zangu? Mtu ambaye hajawahi kupigiwa kigelegele hata siku ya ubatizo, akipigiwa kimoja anaharibika.

Kisha kwenye filamu kikombe kikaanguka kutoka kwenye rafu. Kikaanguka, kikafika karibu na sakafu, kikasimama hewani. Mwembamba akatazama kushoto, akatazama kulia, akakichukua, akakirudisha kwenye rafu, akaendelea kukunja shuka.

"Eh! Mbona ile kikombe haianguke?" Bibi akauliza.

"Ana nguvu za siri, bibi. Alipewa na mganga mmoja wa..." Nikaona uso wa mama. "Hapana, siyo mganga, naona sikusikia vizuri. Ni karama. Aliombewa."

"Haleluya," wakaitikia.

Nikaenda hivyo hivyo. Nilimtengenezea stelingi adui (mzee mmoja wa hoteli ambaye sasa najua alikuwa anamwazima baiskeli). Kulikuwa na mama yake stelingi, amelala kitandani amefumba macho, na picha ikakaa juu yake muda mrefu sana, mpaka nikaona hapa hakuna namna, nikatangaza kwa sauti ya chini, "Mama yake ametutoka." Wale akina mama wakaguna, mmoja akaanza pambio la msibani, mama yangu akaitikia, na wakiwa wamefika mahali pazuri yule mama wa kwenye filamu akaamka, akavaa ndara, akaenda kukaanga mayai.

Pambio likakatika.

"Amefufuka," nikasema.

"Kwa siku ya ngapi?" Bibi akauliza.

"Ya tatu, bibi."

"Amina," akasema Bibi, akasogea mbele kidogo kwenye kiti. Mama Esperance alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika, nikadhani ameguswa na ufufuo.

Lakini filamu ilikuwa ndefu kuliko akili yangu. Ikarudi kule kule kwenye kufua, mashuka, mashuka, mvuke, mashuka. Adui nilikuwa nimeshamtubisha, mama nimeshamfufua, sikuwa na kitu tena mfukoni. Watoto wakaanza kuchezea simu, na Bibi akasema, "Mwana, umelala?"

Ndipo nikaanza kusema ninachokijua. Na kuhusu kufua, mimi najua mengi, kwa sababu jioni Yohana akirudi tunakaa jikoni na ananihadithia. Nikawaambia jinsi mashuka yanavyotoka kwenye mashine yakiwa ya moto mpaka vidole vinakufa ganzi. Jinsi inavyobidi kuyakung'uta kwanza kabla ya kuyaingiza, kwa sababu watu wanasahau vitu humo, miwani, meno ya bandia, hata sindano. Nikawaambia siku moja Yohana alikuta kwenye shuka mdoli mdogo wa kitambaa, akaufua peke yake kwa mkono, akaukausha, akapanda nao juu wakati wa mapumziko akiuliza chumba kwa chumba ni wa mtoto gani, na alipofika chumba chenyewe akaambiwa yule mtoto hayupo tena, na hakuna aliyemwambia kama amerudi nyumbani au vipi, na mpaka leo anao ule mdoli.

Watoto walikuwa wameweka simu chini. Bibi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama (sikumbuki nilisimama saa ngapi), mikono inapaa, sauti ya Dijei inatoka vizuri, na nilikuwa sina haya hata chembe, na nakwambieni kama kuna kitu cha kuogopa duniani ni mtu wa haya siku haya zimemtoka.

Sikumtazama Yohana. Ningemtazama, ningeona anafanya nini na mikono yake, Furaha aliniambia baadaye, kwa sababu alikuwa anachungulia kutoka jikoni. Yohana alikuwa ananipungia chini kwa chini, kama mtu anayesimamisha basi.

Kwenye filamu sasa stelingi yuko mezani kwa wazazi wa mchumba wake, anakunywa supu, ameinamisha uso.

"Mbona anainama?" Bibi akauliza kwa huruma. "Mutoto muzuri vile, anaona haya ya nini?"

Na mimi nikajibu bila kufikiri hata kidogo, mdomo ulikuwa unaenda wenyewe. "Ni kwa sababu, bibi, wakwe zake wanadhani Yohana ni daktari. Alikuja na baba yake mkubwa, ndiye aliyewadanganya. Na yeye masikini anafua tu mashuka, hana anachojua, na hapa wamemwonyesha goti na yeye amewaambia wanywe maji."

Niliendelea na sentensi tatu zaidi. Nataka mjue hilo. Tatu.

Kisha nikaona hakuna tena anayetazama televisheni. Bibi alikuwa anatazama goti lake. Akalitazama vizuri, kama vile ndilo limemsema. Kisha akainua macho polepole akamtazama Yohana, na akina mama wanane wakamtazama Yohana, na mama yangu akafumba macho, na kwenye televisheni yule mwembamba akaendelea kunywa supu yake bila wasiwasi.

Na saa hiyo hiyo mlango wa besimenti ukafunguka. Wazee wanapanda, wanacheka, baba mkubwa amelegeza tai, Mwalimu amemshika bega. Walikuwa wamekubaliana kila kitu. Baba mkubwa akainua mikono miwili atangaze.

"Papa Furaha," Bibi akamwambia mwanawe, kabla ya mtu yeyote kusema neno. "Bon. Mukwe wako anafua mashuka."

Mwalimu akaachia lile bega. Baba mkubwa akajaribu, Mungu ambariki, akasema, "Kufua nako ni upande wa afya, ukiangalia sana..." lakini mama akamwambia, "Shemeji, kaa chini," na baba mkubwa akakaa, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Weye," Mwalimu akamwambia Yohana. "Simama. Uko daktari ao hauko daktari?"

"Siko daktari, baba. Sijawahi kusema mimi ni daktari."

"Na goti ya mama yangu?"

"Nilisema alipumzishe."

"Na vidonge? Nilikuonyesha vidonge. Ulisema ni vizuri."

Yohana akafikiri. Kaka yangu ni mtu wa kweli, ndiyo shida yake. "Niliona kopo ni zuri, baba."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mwalimu akageuka kuelekea jikoni, akaita, "Furaha! Ulijua?" Furaha akatoka, taulo ya vyombo mkononi, akasema, "Nilijua, papa." Akaongeza, "Nilimwambia asiseme, kwa sababu wewe ulikuwa umeshawaambia watu wa kanisa."

Na kweli Mwalimu alikuwa ameshawaambia. Mwisho akasema, "Bon. Mazungumuzo ya leo yameisha," akaenda chumbani kwake na kufunga mlango polepole. Ungefungwa kwa kishindo ningepumua.

Tukaondoka. Mgeni kwa kawaida haondoki kwenye nyumba kama ile mikono mitupu, wanamfungia samaki na pilau kwenye karatasi za foili mpaka miguuni pa gari panajaa. Sisi tulifungiwa mkanda tu. Mama alisali kimoyomoyo saa mbili za mwanzo. Mimi nilikaa nyuma nikitazama shamba la mahindi, na lingine, na lingine. Tulipofika Erie kujaza mafuta Yohana ndipo akafungua mdomo, amesimama nje, mkono kwenye pampu, hanitazami.

"Ungeweza hata kumwita Petro," akasema.

Halafu hakuniongelesha wiki mbili. Mezani aliniomba chumvi kupitia kwa mama. Na usiku, sorry, hapana, siyo usiku, jioni tu akirudi kazini, hakukaa tena jikoni, alipita moja kwa moja chumbani, na hakukuwa na simu na Furaha, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemwambia binti yake angoje kwanza, na binti wa watu akangoja huku kaka yangu anakonda. Siku ya kumi na tano akasimama mlangoni kwangu, akaniwekea simu yake kitandani. "Wewe ndiye uliyeongea," akasema. "Basi ongea tena. Mpigie Mwalimu."

Mimi, ambaye siwezi kuuliza mchele! Nilikaa na ile simu mpaka ikajizima mara mbili. Nikapiga.

"Allô?"

"Baba, ni mimi Elia. Sijui Kifaransa." Nilitaka kulitoa hilo kwanza kabla haya hazijanifikia. "Najua bonjour na ça va. Ile filamu niliitunga yote. Yule mama hakufa. Hata hakufufuka."

Mwalimu akasema, "Niliambiwa. Esperance alisoma Kifaransa miaka sita, alikuwa pale pale mbele yako."

Nilitamani sakafu ya Riverside ipasuke.

"Na ile ya mashuka?" akauliza. "Ya kukung'uta sindano. Na ile mudoli. Pia ulitunga?"

"Hapana, baba. Hiyo ni ya kaka yangu. Mdoli uko hapa, kwenye dirisha la jikoni, naweza kukupigia picha."

Nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa kwao. "Donc, sehemu moja ulisema kweli," akasema. "Mwambie kaka yako akuje. Peke yake. Bila ule muzee wa farasi."

Yohana akapanda basi Ijumaa akaenda. Alichoambiwa huko sikijui, hakunihadithia, na mimi sikuuliza, ila alirudi Jumapili na magoti ya suruali yamechafuka kwa sababu walimtumia kung'oa majani ya bustani, na mfuko umejaa samaki kwenye foili. Akauweka mezani, akaniambia, kwa mdomo wake mwenyewe bila kupitia kwa mama, "Kula."

Mama Esperance alinipigia siku ile ile kunieleza filamu ilikuwa inahusu nini hasa. Mtu wa kawaida ana nguvu, vitu havianguki akiwepo, hataki watu wajue. Mwishoni fundi wa kupaka rangi anaanguka kutoka kwenye ngazi mbele ya watu wote, mwembamba anamsimamisha hewani, siri inatoka, na mchumba wake anamwuliza tu kama atakula. Basi, imeisha. "Mimi nilijua unadanganya tangu ile 'amechoka'," akasema. "Lakini ile ya kwao ni ya kulala. Ya kwako ilikuwa na ufufuo."

Harusi ilifungwa Columbus. Mimi nilijifunza langu na nimeapa kwa Mungu na kwa tai ile iliyoninyonga: sitatafsiri tena kitu chochote mbele ya watu, hata kibao cha barabarani, na mtu akiniuliza kama najua jambo nisilolijua nitasema sijui, kwa sauti, hata kama nyuma yangu kuna foleni mpaka Kanada. Uongo wenyewe sikuutunga mimi wala Yohana, ni kweli, lakini mtu akikaa kimya juu ya uongo wa mwenzake analipa nusu yake, na mimi nililipa nusu ya baba mkubwa na nyingine ya kaka yangu.

Siku ya harusi nilikaa meza ya pembeni na wageni waliotoka Louisville, sahani yangu mbele yangu, nimetulia. Mwalimu alisimama akamtambulisha mkwe wake kwa watu wote, akasema wazi wazi, "Anafua mashuka ya hospitali," na watu wakapiga makofi, na Bibi akapiga kigelegele kuliko wote, akiwa amekaa, goti lake ameliegesha juu ya kiti cha pili. Nikaona moyo wangu umeshuka mahali pake. Kisha Mwalimu akaanza kuzunguka meza kwa meza kusalimia, na kabla hajafika kwetu nikamsikia kwenye meza ya jirani anasema kwamba mkwe wake anasimamia mashuka ya hospitali nzima. Alipofika kwetu, hospitali zilikuwa tatu na Yohana alikuwa ndiye mkuu wa usafi wa zote.

Mzee mmoja wa Louisville akanigeukia. "Wewe si ndugu yake? Ni kweli hospitali tatu?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau. Nikaongeza kijiko kingine.